Nyumba ya babu ilikuwa wapi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kumbukumbu za nyumba za kale za pwani

Wanaokuja kuulizia nyumba za mawe huja na maneno yanayofanana. "Babu alikuwa na nyumba Mkomani." "Mama alizaliwa Shangani, mlango ulikuwa wa nakshi, karibu na msikiti." Wengine huandika kutoka Maskati au Toronto, na hawajawahi kuikanyaga hiyo nyumba. Nimekaa miaka mingi na masanduku ya nyaraka za nyumba hizi, za Lamu, Mombasa na Unguja, na majibu haya yametokana na maswali hayo. Sisemi kwa niaba ya makumbusho yoyote. Kila maktaba ina taratibu zake, kwa hiyo uliza kabla ya kufunga safari.

Kumbukumbu za nyumba ni kitu gani hasa? Ndani ya jalada moja mna nini?

Inategemea nyumba na bahati yake. Jalada nene huwa na fomu ya ukaguzi (mtaa, idadi ya ghorofa, hali ya kuta na dari, nani anaishi, kunafanywa biashara gani chini), ramani ya kila ghorofa, mchoro wa uso wa nyumba, picha nyeusi na nyeupe, na barua za miaka ya nyuma kuhusu maombi ya kujenga au kubomoa. Jalada jembamba huwa na karatasi moja na picha mbili.

Msilidharau jalada jembamba. Nakumbuka bahasha moja ya kaki iliyokuwa na picha tatu tu za ukuta wa zidaka, vile vishubaka vya lipu vilivyopangwa safu kwa safu kwenye chumba cha ndani. Nyuma ya picha ya pili mtu aliandika kwa penseli urefu na upana wa kidaka kimoja, na kina chake. Ukuta wenyewe haupo tena. Fundi akitaka kuurudisha, ataanzia kwenye ule mstari mmoja wa penseli.

Kwa nini makumbusho yalianza kukusanya habari za nyumba za watu binafsi?

Kwa sababu nyumba zilikuwa zinaanguka. Nyumba ya mawe ya matumbawe inataka chokaa kila baada ya muda, na paa lake halistahimili kuachwa. Wenye nyumba wakihamia mji mwingine, au warithi wakiwa wengi na hakuna aliye tayari kutoa fedha, mvua za masika chache zinatosha kuimaliza.

Lamu ilipata makumbusho yake mwaka 1971, na katika miaka hiyohiyo msanifu majengo Usam Ghaidan, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, aliupima mji kwa makini kwa ajili ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Kazi ile ndiyo iliyojenga msingi. Mji mkongwe wa Lamu ulitangazwa kwenye gazeti rasmi la serikali kuwa eneo la hifadhi mwaka 1986, na UNESCO ikauweka katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Mombasa, Ngome ya Yesu iliyoanza kujengwa mwaka 1593 iligeuzwa makumbusho mwaka 1960, na Mji wa Kale unaoizunguka ukatangazwa eneo la hifadhi mwaka 1990. Unguja nayo iliunda Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe mwaka 1985, na Mji Mkongwe ukaingia katika orodha ya UNESCO mwaka 2000.

Kila hatua kati ya hizo iliacha karatasi. Huwezi kutangaza eneo la hifadhi bila kujua lina nyumba gani, na huwezi kujua bila kumtuma mtu na futi kamba, ubao wa kuchorea na kamera. Karatasi za huyo mtu ndizo tunazozisoma leo.

Nianzie wapi kutafuta?

Anzia nyumbani, kabla ya maktaba. Uliza wazee mambo manne: mtaa, msikiti uliokuwa karibu, majirani wa pande zote, na jina ambalo watu waliiita ile nyumba. Nyumba nyingi za zamani zilijulikana kwa jina la mtu, la ukoo, au la kitu kilichokuwa mbele yake, kama mti au kisima. Jina hilo mara nyingi limo kwenye jalada hata pale ambapo jina la mwenye nyumba halimo.

Sijui namba ya nyumba. Nitaipata kweli?

Utaipata. Namba zenyewe zimebadilika mara kwa mara, na ukaguzi mmoja haukufuata namba za ukaguzi uliotangulia. Mkutubi mzuri atakuwekea ramani ya mtaa mezani, uifuate njia kwa kidole kutoka msikitini. Nimeona watu waliotoka mjini wakiwa watoto wadogo wakifika mlangoni kwao kwa kidole, na macho wameyafumba.

Nimetafuta jina la babu na sikupata kitu. Je, jalada limepotea?

Tafuta jina la bibi.

Hili ndilo ningependa kila msomaji aondoke nalo. Katika nyumba za waungwana wa Lamu, baba alimjengea binti yake au alimpa sehemu ya nyumba alipoolewa. Mume ndiye aliyehamia kwa mkewe. Mabinti wakiongezeka, baba huongeza ghorofa, au hujenga nyumba ya pili ng'ambo ya kichochoro na kuziunganisha kwa wikio, kile chumba kinachopita juu ya njia ili wanawake watembeleane bila kutoka nje. Ukisimama chini ya wikio ukatazama juu, unachokiona ni ndugu wawili wa kike walioozwa wakabaki karibu na mama yao.

Kwa hiyo babu yako huenda aliishi pale miaka hamsini na asiwe na jina lake kwenye karatasi hata moja. Nyumba ilikuwa ya mkewe, na kabla yake ya mama mkwe. Wajukuu wanaofuata majina ya kiume pekee huambulia patupu, wanadhani nyaraka zimeibwa, na kumbe wamelipita jalada lililoandikwa jina la bibi.

Kuna jambo jingine kuhusu majina. Makarani wa kikoloni waliandika kama walivyosikia. Athman, Othman, Uthman na Osman anaweza kuwa mtu mmoja katika nyaraka nne. Andika kila tahajia unayoweza kuifikiria kwenye karatasi kabla hujaenda, pamoja na jina la baba na la babu wa kila mtu unayemtafuta, maana "Fatma" peke yake hatakupeleka popote.

Nimepewa ramani ya nyumba yetu. Naisomaje?

Anza na upana wa vyumba. Utaona kwamba vyumba ni virefu lakini vyembamba, karibu mita 2.5 hadi 3 kwa upana, nyumba baada ya nyumba. Sababu ni boriti. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haivuki nafasi kubwa zaidi ya hiyo ikiwa imebeba uzito wa mawe na chokaa. Mwenye nyumba tajiri alirefusha chumba au akaongeza vyumba, ila kukipanua hakuweza. Ukiona kwenye ramani chumba cha upana wa mita tano, ama kuna nguzo katikati, ama kimejengwa baadaye kwa zege au chuma.

Kisha ingia kama mgeni angeingia. Nje kabisa ni daka, penye vibaraza vya mawe pande mbili, ambapo wanaume walikaa kuzungumza. Baada ya mlango ni tekani, na hapo njia hupinda ili mpita njia asiione familia mlango ukiwa wazi. Halafu kiwanda. Msomaji wa leo akisikia kiwanda huwaza mashine, lakini Lamu kiwanda ni ua wa ndani ulio wazi juu, unaoingiza mwanga na hewa. Kutoka hapo vyumba vinafuatana kwa mstari, kila kimoja kimeinuka kidogo kuliko kilichotangulia: msana wa tini, msana wa yuu, kisha ndani. Nyuma ya ndani, katika baadhi ya nyumba, kuna nyumba ya kati, ambayo wazee huitaja kuwa mahali maiti ilipooshwa na kuandaliwa.

Ukifuata mstari huo kwenye karatasi utaona kwamba mwanga unapungua na heshima inaongezeka. Zidaka nzuri kuliko zote, na sahani za Kichina zilizowekwa humo, zilikuwa ndani, mbali na macho ya mtaani. Kuta zina unene wa karibu nusu mita, ndiyo maana kwenye ramani zimechorwa nene na kutiwa wino mweusi. Ukuta mwembamba uliochorwa kwa mistari miwili tu aghalabu ni kizuizi cha baadaye, cha wakati ndugu walipogawana urithi na kila mmoja akataka mlango wake.

Nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja zina hesabu nyingine. Kule utakutana na nyumba za Waarabu zenye ua mkubwa katikati na vyumba vikiuzunguka, na nyumba za Wahindi zenye duka mbele barabarani na roshani ya mbao juu. Usichukue majina ya vyumba vya Lamu ukayabandika kule. Uliza wenyeji walikiita chumba gani nini.

Mbona ramani ya nyumba yetu imeishia kiwandani, na vyumba vya nyuma havikuchorwa?

Kwa sababu mpimaji hakuruhusiwa kuingia, na hakustahili kuruhusiwa kwa kubisha hodi tu. Ndani ni sehemu ya wanawake. Ramani zilizoishia kiwandani nimeziona nyingi, na nyingine zina mistari ya nukta mahali ambapo mchoraji alikisia ukuta kutokana na urefu wa nje. Mistari ya nukta muichukulie hivyo: ni makisio.

Napenda ramani hizo zibaki kama zilivyo. Zinaonyesha kwamba siku ile nyumba ilikuwa na wenyewe, na wenyewe walisema hapana. Kama leo mnataka sehemu iliyobaki ichorwe, familia ndiyo inayopaswa kuamua, na ni vizuri mpimaji akiwa mwanamke.

Kwa sababu hiyohiyo baadhi ya picha za vyumba vya ndani hazitolewi kwa kila anayeomba. Mkutubi akikuuliza una uhusiano gani na nyumba, usikasirike. Analinda stara ya familia ambayo huenda ni yako.

Juu ya mlango kumechongwa mwaka. Je, ndio mwaka nyumba ilipojengwa?

Ni mwaka wa mlango. Milango ya nakshi iliuzwa, ilirithiwa na kuhamishwa, na mlango mzuri ungeweza kuishi zaidi ya nyumba mbili. Mwaka wenyewe huwa wa Hijria. Njia ya haraka ya kuupata wa Miladia ni kuzidisha kwa 0.97 kisha kuongeza 622. Kwa mfano 1300 inakupa 1883, na hesabu hiyo haiendi mbali na ukweli: mwaka 1300 Hijria ulianza Novemba 1882. Ukitaka tarehe kamili tumia jedwali la kalenda, kwa sababu mwaka wa Hijria ni mfupi kwa takriban siku 11.

Linganisha mwaka wa mlango na jalada. Picha ya zamani ikionyesha mlango mwingine mahali palepale, umepata habari kubwa.

Hati ya babu imeandikwa kwa herufi za Kiarabu na vipimo vya ajabu. Nifanyeje?

Kwanza uliza ni lugha gani, kwa maana herufi za Kiarabu zimeandika Kiarabu na Kiswahili vilevile, na mzee aliyesoma chuoni, yaani chuo cha Kurani, anaweza kukusomea Kiswahili hicho pasipo shida. Urefu huwa kwa dhiraa, yaani mkono kutoka kiwiko hadi ncha ya vidole. Mipaka hutajwa kwa pande nne: kibla ni kaskazini, suheli kusini, matlai mashariki, magharibi ni magharibi. Baada ya kila upande hufuata jina la jirani. Majina ya majirani ndiyo hazina, maana hati ya jirani nayo itamtaja babu yako. Ukikwama kwenye hati moja, ifuate ya pili.

Je, jalada la makumbusho ni ushahidi kwamba nyumba ni yetu?

Hapana. Naomba hili lieleweke vizuri, kwa sababu nimeona watu wakitumia nauli na kurudi na uchungu. Mpimaji aliandika jina la mtu aliyemfungulia mlango. Mtu huyo angeweza kuwa mwenye nyumba, mpangaji, au mtoto wa dada aliyekuwa likizo. Jalada linaeleza nyumba ilikuwaje siku fulani. Habari za mwenyewe zina mahali pake.

Pwani ya Kenya, madai ya ardhi yalianza kusajiliwa chini ya sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, na habari hizo zifuatwe kwa msajili wa ardhi. Kama nyumba iliwekwa wakfu, iwe kwa msikiti au kwa kizazi cha aliyeiweka, waone Makamishna wa Wakfu, chombo kilichotokana na sheria ya mwaka 1900. Unguja waendee Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na pia Nyaraka za Taifa kule Kilimani. Mirathi iko kwa kadhi.

Kwa Unguja lazima niongeze neno. Baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilitaifishwa, wenyewe wakaondoka au wakaondolewa, na familia nyingine zikapangishwa humo. Wajukuu wa pande zote mbili huja kwenye maktaba ileile. Mmoja anatafuta nyumba aliyozaliwa nyanya yake, mwingine amezaliwa na kukulia humohumo. Maktaba haiamui kati yao. Inawapa wote picha ileile.

Familia yetu ilikuwa Bagamoyo. Huko nako kuna kumbukumbu?

Zipo, ila njia ni nyingine. Bagamoyo ilikuwa makao ya utawala wa Wajerumani hadi mwaka 1891, kwa hiyo sehemu ya karatasi iko katika nyaraka za Kijerumani zilizohifadhiwa Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Mwandiko wa mkono wa Kijerumani wa wakati ule una herufi zake, hata Mjerumani wa leo huhitaji kujifunza kuusoma. Tafuta msaada wa mtu aliyeuzoea kabla hujakata tamaa.

Nitapata wapi picha za zamani za mtaa wetu?

Usitegemee maktaba moja. Wapiga picha wa Unguja, kama A. C. Gomes na ndugu wa Coutinho, waliuza picha zao kwa wasafiri tangu karne ya 19, na zimesambaa duniani. Mkusanyo wa Winterton katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, una maelfu ya picha za Afrika Mashariki za kati ya 1860 na 1960, na unaweza kuzitazama kwenye mtandao. Kwa maisha ya mjini ya karne ya 20, kuna kazi ya Ranchhod Oza aliyefungua studio yake ya Capital Art Mji Mkongwe mwaka 1930.

Picha isiyo na tarehe usiiache. Itazame kwa utulivu. Picha za ufukwe wa Unguja zina alama moja nzuri: Beit al-Ajaib, lile jumba kubwa la Sultani. Mnara ukiwa umesimama peke yake mbele ya jumba, picha ni ya kabla ya Agosti 27, 1896, siku Waingereza walipoupiga mji mizinga. Mnara ukiwa umeunganishwa na uso wa jumba, ni ya baada ya ukarabati wa 1897. Kwa mtaa wako tafuta alama za namna hiyo: nguzo za umeme, mabati ya paa, ghorofa iliyoongezwa kwa jirani.

Naruhusiwa kupiga picha nyaraka kwa simu?

Mara nyingi ndiyo, bila mwanga wa kamera, baada ya kujaza fomu. Kuchapisha ni ruhusa nyingine.

Kwa nini nanyang'anywa kalamu mlangoni?

Wino haufutiki. Chukua penseli. Nawa mikono, ikauke, wala usipake mafuta.

Tuna hati na picha zetu nyumbani. Tuzitunzeje?

Adui wa karatasi pwani ni unyevu, chumvi, mchwa na upendo wa haraka. Nianze na huo wa mwisho. Familia moja iliniletea hati ya karne ya 19 waliyoipeleka dukani ikatiwa plastiki ya moto pande zote mbili, kwa nia njema kabisa. Wino ulikuwa umeanza kuyeyuka chini ya plastiki, na plastiki ile haitoki. Tafadhalini msifanye hivyo, wala msibandike utepe wa gundi kwenye mpasuko. Gundi huwa ya kahawia, hula karatasi, na hubaki hata utepe ukishadondoka.

Toeni pini na vibanio vya chuma, kwa kuwa hewa ya bahari huvitia kutu na kutu hutoboa. Wekeni karatasi zikiwa zimelala, ndani ya bahasha za karatasi safi, kwenye sanduku lililo juu ya sakafu na mbali na ukuta wa nje. Ukuta wa matumbawe hunyonya maji na kuyatoa polepole, na kabati iliyousogelea hupata ukungu nyuma kabla hamjauona mbele. Sanduku lifunguliwe na kuangaliwa kila mwezi. Mchwa hawasubiri mwaka.

Ramani za buluu, zile zenye mistari myeupe, zisiachwe kwenye mwanga, na zisiwekwe katika karatasi zilizotiwa dawa ya kupunguza asidi, ambayo kwa picha na hati nyingine ni nzuri lakini ramani hizi huzifubaza. Negativu za zamani za plastiki zinuseni. Zikitoa harufu kama ya siki, zimeanza kuoza na zitaambukiza jirani zake. Zitengeni leo, zipigeni picha upya haraka, kisha ziwekeni mahali pa baridi pakavu.

Si lazima mtoe asili zenu. Makumbusho mengi hufurahi kupata nakala, nanyi mkabaki na asili. Mkiamua kuzitoa, pateni maandishi yanayosema mmetoa nini, kwa masharti gani, na nani ataruhusiwa kuona.

Nyumba imeshaanguka. Jalada lina faida gani sasa?

Desemba 25, 2020 sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib iliporomoka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili walifariki. Lilikuwa jumba la mwaka 1883, la Sultani Barghash, na wakati linaanguka lilikuwa katika kufanyiwa ukarabati kwa msaada wa Oman. Wengi wetu tulilia kama kwenye msiba wa nyumbani. Anayelisimamisha tena jengo la namna hiyo hana budi kurudi kwenye karatasi: nguzo ngapi, nafasi gani kati ya nguzo na nguzo, roshani ilishikwa na nini, mnara ulikaaje. Jengo la mfalme lilipigwa picha na kila mgeni aliyeshuka melini, kwa hiyo halikosi mashahidi.

Nyumba ya bibi yako haikupigwa picha na wageni. Kama ina mchoro mmoja, ni huo tu. Hata kama hamtaijenga tena, mchoro unawatosha kumwonyesha mtoto kwamba hapa palikuwa na ngazi, hapa palilala mama, na kichochoro hiki kilichojaa kifusi kilikuwa na kivuli mchana kutwa.

Tunataka kuikarabati. Jalada litatusaidia, na je, tunahitaji ruhusa?

Ruhusa mnahitaji. Nyumba ikiwa ndani ya eneo la hifadhi, ombeni kibali kabla fundi hajagusa ukuta, hata kama ni mlango tu.

Na jalada litawasaidia katika jambo moja kuu, nalo ni kujua ukuta umetengenezwa kwa nini. Nyumba hizi zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, chokaa yenyewe ikipatikana kwa kuyachoma matumbawe juu ya magogo. Ukuta wa aina hiyo unapumua: unyevu huingia na kutoka. Fundi akiupiga lipu ya saruji, unaonekana mzuri mwaka wa kwanza. Baadaye maji hunaswa ndani, chumvi hukusanyika nyuma ya saruji, na siku moja bamba zima linang'oka na jiwe lake. Ukiona kwenye picha za miaka ya 1970 ukuta uko mzima, na leo unamomonyoka chini ya lipu mpya, sababu unaweza kuwa umeishaipata. Mwonyesheni fundi picha hizo. Fundi wa chokaa akiona ukuta wa zamani huelewa mengi ambayo maneno hayawezi kumweleza.

Majalada haya yote yako kwenye mtandao?

Machache. Mengi bado ni karatasi kwenye sanduku, na orodha yake iko kwenye daftari au kichwani mwa mkutubi. Andika barua yenye swali moja lililo wazi, utajibiwa mapema kuliko ukituma historia ya ukoo mzima.

Jalada letu lina makosa. Naweza kusahihisha?

Unaweza kuongeza. Karatasi ya zamani haifutwi, bali huwekwa nyingine pembeni yake, yenye tarehe na jina la aliyesema.

Njia ninayoipenda ni hii. Omba nakala kubwa ya ramani, uichukue nyumbani kwa mzee aliyeishi humo, umtandikie mkekani. Mpe muda aizoee, kwa sababu wengi hawajawahi kuiona nyumba yao kutoka juu. Usimuulize "hiki ni chumba gani?" Muulize alilala wapi, maji yalitekwa wapi, nani alikaa pale daka baada ya magharibi. Andika kila jibu juu ya chumba chake, kwa maneno yake mwenyewe, kwa Kiamu au Kimvita au Kiunguja kama anavyosema.

Mama mmoja niliyekaa naye hivyo alitazama chumba ambacho mpimaji alikuwa amekiandika "stoo." Aliweka kidole juu yake akakaa kimya kidogo. "Stoo?" akasema. "Hapa ndipo tulipozaliwa sote saba." Niliandika hivyo, na tarehe, na ile karatasi sasa imo ndani ya jalada, nyuma ya ramani.